Mpakani, kwenye kizuizi au barabarani: kusimamishwa kupi ni kupi karibu na mpaka wa Marekani

Kijana mmoja mzaliwa wa Mombasa, anayevuta trela kati ya El Paso na San Antonio, alinipigia simu usiku akiwa ameegesha kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa ametoka kupita kizuizi cha Sierra Blanca, kituo cha ukaguzi cha askari wa doria ya mpakani kwenye barabara ya I-10, huko Texas. Askari alimuuliza swali moja tu: wewe ni raia wa Marekani?

"Kaka, nilisema ndiyo," akaniambia. "Hata sijui kwa nini. Mbwa anazunguka trela, nyuma yangu foleni, mdomo ukajisemea."

Yeye si raia. Ana grini kadi halali, na usiku ule ilikuwa mfukoni mwake. Angeitoa tu, safari ingeendelea. Alipita salama, lakini kudai uraia ambao huna ni kosa linaloweza kumfungia mtu mlango wa ukaazi na wa uraia kwa maisha yake yote. Nilinyamaza kidogo kwenye simu kabla ya kumjibu.

Mimi si wakili. Ni mkalimani wa Kiswahili, na kwa kazi hiyo nimesoma karatasi nyingi za kesi za namna hii. Kinachowaponza madereva wetu, kwa ninavyoona, ni kutojua wamesimamishwa kwa sheria ipi. Askari wote ni wa serikali kuu, ila haki zako zinabadilika kulingana na mahali ulipo: kwenye lango la mpaka, kwenye kizuizi cha kudumu, au barabarani na gari la doria likikuwashia taa nyuma. Nitaziweka hali hizi tatu pamoja ili ujue la kuchagua katika kila moja.

Langoni

Hapa sitakaa sana. Unapoingia kutoka Mexico au Kanada, askari wa forodha hahitaji sababu yoyote ya kukusimamisha wala ya kupekua gari. Mwaka 2004, katika kesi ya Flores-Montano, Mahakama ya Juu ilikubali hata kufunguliwa kwa tangi la mafuta la gari lililokuwa likiingia kupitia Otay Mesa, California, bila shaka lolote juu ya dereva. Langoni huna sana la kuchagua. Andaa karatasi zako, sema kweli, subiri.

Mambo yanaanza kuwa magumu ukishaliacha lango.

Maili 100 zinasema nini, na hazisemi nini

Sheria ya uhamiaji inawaruhusu askari kupanda na kupekua magari bila hati ya mahakama ndani ya "umbali wa kiasi" kutoka mpaka wa nje, na kanuni za serikali zimeutaja umbali huo kuwa maili 100, yaani kilomita 160 hivi, zikipimwa kwa mstari wa anga. Ukanda wa pwani nao unahesabiwa kuwa mpaka. Kwa hiyo Houston imo, Buffalo imo, na Portland ya Maine, wanakoishi Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, imo pia. Wengi wetu tunaishi ndani ya ukanda huo bila kujua.

Watu wakisikia hivyo hudhani kwamba ndani ya maili hizo Katiba imelala. Sivyo. Mwaka 1973, katika kesi ya Almeida-Sanchez, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba sheria iliyotungwa na bunge haiwezi kuruhusu kile ambacho Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayomlinda mtu dhidi ya upekuzi na ukamataji usio na sababu, yanakataza. Almeida-Sanchez alikuwa raia wa Mexico mwenye kibali halali cha kufanya kazi. Alisimamishwa na doria kwenye barabara ya 78 ya California, mbali na mpaka, na gari lake likapekuliwa bila hati, bila ridhaa yake na bila sababu ya kutosha. Bangi ilipatikana, na bado mahakama ikasema upekuzi ule ulivunja Katiba. Maili 100 zinaonyesha tu askari anaweza kufanyia kazi wapi. Hazimpi ruhusa ya kusimamisha kila gari analoliona humo.

Kizuizi cha kudumu

Sierra Blanca kwenye I-10, Falfurrias kwenye barabara ya 281, Sarita kwenye ya 77, San Clemente kwenye I-5: hivi ni vituo vinavyojulikana, vyenye taa, vibao na njia za magari zilizogawanywa. Mwaka 1976, katika kesi ya Martinez-Fuerte, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hapo askari anaweza kusimamisha gari lolote kwa maswali mafupi bila kumshuku mtu yeyote. Sababu walizotoa majaji ni kwamba mahali penyewe hapahami, dereva anapaona kutoka mbali, anaona magari mengine yakisimamishwa kama lake, na askari aliye pale hachagui nani wa kufuatwa gizani.

Hukumu hiyo ina upande mchungu, na sitauficha. Mahakama iliruhusu pia dereva kuelekezwa pembeni kwa maswali zaidi hata kama sababu kubwa ni sura yake. Majaji Brennan na Marshall walipinga, na mimi naona walikuwa sahihi. Lakini ndiyo sheria iliyopo.

Kinachoweza kufanyika pale kina mpaka wake: maswali kuhusu uraia na karatasi, na kutazama kile kinachoonekana kwa macho. Kufungua trela, buti au begi kunahitaji ridhaa yako au sababu ya kutosha ya kuamini kuna kosa. Hayo yaliamuliwa mwaka 1975 katika kesi ya Ortiz. Mbwa kunusa gari kwa nje hakuhesabiwi kuwa upekuzi, ila mbwa akionyesha amenusa kitu, sababu ya kutosha huwa imepatikana hapo hapo.

Doria inayozunguka

Sasa ndiyo hali ambayo sheria inamdai askari zaidi, na ndiyo hali ambayo dereva huitambua kwa shida.

Machi 1973, jioni, kizuizi cha San Clemente kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Askari wawili waliegesha gari la doria kando ya barabara kuu, wakawa wanamulika kwa taa zao magari yanayokwenda kaskazini. Gari moja likapita. Wakalifuata na kulisimamisha kwa sababu moja, ambayo wenyewe waliitaja: watu watatu waliokuwamo walionekana kuwa na asili ya Mexico. Dereva ndiye Brignoni-Ponce ambaye kesi ina jina lake. Juni 30, 1975, Mahakama ya Juu ilisema hapana. Doria haiwezi kusimamisha gari ila iwe na mambo mahsusi, yanayoweza kutajwa, yanayotoa shaka lenye msingi kwamba ndani ya gari kuna watu walio nchini kinyume cha sheria. Sura peke yake haitoshi.

Jaji Powell, aliyeandika hukumu hiyo, alitaja mambo yanayoweza kujenga shaka hilo: eneo lenyewe na umbali wake kutoka mpakani, magari ya kawaida ya barabara ile, habari za karibuni za watu kuvuka, dereva kukwepa au kuendesha ovyo, gari kuonekana limelemewa, abiria wengi kupita kiasi, watu kujaribu kujificha. Alisema pia kwamba sura inaweza kuwa jambo mojawapo kati ya mengi. Mlango huo mdogo alioubakiza haujafungwa mpaka leo.

Ukitaka kuona shaka lenye msingi lilivyo likiwa zuri, tazama kesi ya Cortez, iliyoamuliwa mwaka 1981. Askari wa jangwa la Arizona walikuwa wakikuta nyayo za makundi ya watu zikitoka mpakani hadi barabara ya 86, na kila mara kati ya nyayo hizo kulikuwa na kiatu kimoja chenye alama za V kwenye soli. Nyayo zilifika barabarani karibu na nguzo ya maili 122, zikageuka mashariki, zikapotea. Wakawaza: kuna kiongozi mmoja, kuna gari linalowachukua, linatoka mashariki na kurudi mashariki, na safari hufanywa usiku mkavu, mara nyingi mwisho wa wiki. Usiku mmoja mkavu wa Januari 1977 wakalala macho. Saa kumi na nusu alfajiri pikapu yenye kibanda nyuma ikapita kwenda magharibi. Saa kumi na mbili na dakika 12 ikarudi, muda ule ule waliokuwa wamekadiria wa kwenda, kupakia na kurudi. Wakaisimamisha. Aliyekaa karibu na dereva alikuwa amevaa viatu vyenye alama za V.

Mahakama ilisema hiyo ndiyo kazi: kutazama picha nzima, si kitu kimoja kimoja. Na ona kwamba hakuna hata jambo moja kati ya hayo linalohusu rangi ya mtu.

Kesi ya Arvizu, ya mwaka 2002, ndiyo inayonisumbua zaidi, na ndiyo inayopaswa kumsumbua dereva yeyote anayependa njia za mkato. Januari 1998, karibu na Douglas, Arizona, kitambuzi kilichofichwa kiligundua gari kwenye barabara ya vumbi, mwendo wa saa nane na robo mchana, karibu na zamu ya askari kubadilishana. Barabara ile inazunguka kizuizi. Askari akakuta gari dogo la familia: mama, baba, watoto watatu. Dereva alipoliona gari la doria alipunguza mwendo ghafla, akakaza mwili, hakumtazama askari. Magoti ya watoto wawili wa nyuma yalikuwa juu, kama waliokanyaga mzigo. Kisha watoto wote wakaanza kupunga mikono wakitazama mbele, wanaacha, wanaanza tena, kwa dakika nne au tano, kama walioambiwa wafanye hivyo.

Mahakama ya rufaa ilichambua jambo moja baada ya jingine, ikasema mengi kati ya hayo hayana maana. Kupunguza mwendo? Kila mtu hupunguza akiona polisi. Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo bila jaji hata mmoja kupinga. Mambo yasiyo na kosa yanaweza, yakikusanywa, kujenga shaka lenye msingi. Baada ya kusimamishwa dereva aliulizwa kama gari linaweza kupekuliwa, akakubali. Zaidi ya pauni 100 za bangi zilikuwamo.

Njia kuu au njia ya pembeni?

Madereva huniuliza hivi kila mara: si afadhali kukwepa kizuizi, hata kama karatasi zangu ni safi, nipunguze usumbufu? Jibu langu ni hapana, na sina shaka nalo.

Kwenye kizuizi unatarajia kusimamishwa, na ukisimama huhesabiwi kuwa mshukiwa. Mara nyingi ni dakika moja, ukielekezwa pembeni zinaongezeka dakika chache. Kwenye barabara ya pembeni sheria inakulinda zaidi kwenye karatasi, kwa maana askari lazima awe na sababu. Lakini kuwapo kwako kwenye barabara hiyo ni nusu ya sababu yenyewe. Mwaka 2000, katika kesi ya Montero-Camargo karibu na El Centro, California, magari mawili yaligeuza karibu na kizuizi na kurudi yalikotoka. Majaji wa rufaa walikataa kabisa kuihesabu sura ya madereva, lakini kule kugeuza kukatosha pamoja na mengine. Mwenye karatasi halali hana anachopata kwa kuzunguka. Anapoteza dizeli na kuongeza sababu dhidi yake.

Kama mzigo wako unakupeleka kweli kwenye barabara ya pembeni, beba hati ya mzigo inayoonyesha unakopeleka. Jibu la "unaelekea wapi" lenye karatasi nyuma yake huzima mashaka mengi.

Texas si California

Shaka hilo hilo halipimwi sawa kila mahali. Mahakama ya rufaa inayosimamia Texas na Louisiana huweka umbali kutoka mpakani mbele ya mambo yote. Ukiwa karibu, mengine madogo yanatosha. Ile inayosimamia California na Arizona ilisema, kwenye Montero-Camargo, kwamba mahali ambapo watu wengi wana sura ya Kilatino, sura hiyo haimsaidii askari kumtofautisha mwenye kosa na asiye nalo, hivyo isihesabiwe.

Septemba 8, 2025, Mahakama ya Juu ilisitisha amri ya jaji wa Los Angeles iliyokuwa imewazuia maofisa wa uhamiaji kusimamisha watu kwa kutegemea mambo manne tu: rangi au asili, kuzungumza Kihispania au Kiingereza chenye lafudhi, mahali walipo, na aina ya kazi. Jaji Kavanaugh aliandika kwamba asili peke yake haiwezi kutosha, ila inaweza kuwa jambo mojawapo. Jaji Sotomayor alipinga, akiungwa mkono na majaji Kagan na Jackson. Ule ulikuwa usitishaji wa muda, kesi yenyewe haikuamuliwa siku hiyo. Lakini soma tena hapo kwenye lafudhi. Kiingereza changu kina lafudhi ya Tanga, cha kijana yule kina ya Mombasa, na cha mama aliyefika Buffalo akitokea kambi ya Nyarugusu kina ya Uvira. Jambo hili si la Wamexico peke yao.

Kujibu, kunyamaza, kuruhusu

Sisi tuliokulia kwenye barabara za Tanzania na Kenya, trafiki akinyoosha mkono tunaweka gari pembeni na kutoa leseni. Hatuulizi kwa nini. Mazoea hayo tunakuja nayo, na ndiyo yanayotufanya tuseme "ndiyo" kwa kila kitu.

Kusimama, simama popote utakapowashiwa taa. Uhalali wa kukusimamisha hubishaniwa mahakamani, haubishaniwi kando ya barabara. Ukishasimama, una njia tatu.

Kusema uongo ni njia ya kwanza, na uitoe kabisa akilini. Iwe langoni, kizuizini au kwa doria, uongo kwa ofisa wa serikali kuu ni kosa lenyewe hata kama hukuwa na kosa jingine.

Kunyamaza kunawezekana kizuizini na kwa doria, na kukataa kushirikiana peke yake hakuhesabiwi kuwa shaka. Gharama yake ni muda. Kwa mtu ambaye hali yake ya uhamiaji haijakaa sawa, naona kunyamaza na kuomba wakili ndilo chaguo bora, tena kwa sauti ya upole.

Kwa mwenye grini kadi, mimi naona heri aonyeshe kadi. Sheria inamtaka asiye raia aliyetimiza miaka 18 awe na hati zake za usajili mwilini wakati wote, kwa hiyo kuificha hakumsaidii. Raia hawajibiki kubeba cheti cha uraia, ingawa dereva mwenye lafudhi yetu atajipunguzia masaa akiwa na pasipoti.

Upekuzi ni jambo jingine, na hapa ndipo ninaposhikilia. Mtu anaweza kuonyesha kadi, kujibu kwa adabu, kisha akakataa gari lisifunguliwe. "Sitoi ridhaa ya upekuzi" ni maneno machache ya kujifunza kwa Kiingereza na kuyasema bila hasira. Askari akiwa na sababu ya kutosha atafungua tu. Akiwa hana, ridhaa yako ndiyo itakayomwokoa. Na akikuambia usubiri mbwa aletwe kutoka mbali, fahamu kwamba tangu kesi ya Rodriguez ya mwaka 2015 askari haruhusiwi kurefusha kusimamishwa kupita shughuli iliyokuwa sababu yake, ila awe na shaka jipya lenye msingi. Uliza: "Niko huru kwenda?" Jibu lake, la ndiyo au la hapana, litakuwa na kazi baadaye.

Ukishinda hoja, unapata nini?

Hili watu hawaambiwi. Katika kesi ya jinai, doria ikionekana haikuwa na shaka lenye msingi, ushahidi uliopatikana huweza kutupwa. Katika mahakama ya uhamiaji sivyo. Tangu kesi ya Lopez-Mendoza ya mwaka 1984, ushahidi hubaki hata kama ukamataji ulikuwa na kasoro, isipokuwa uvunjaji wa haki ukiwa mbaya mno. Na kumdai askari fidia binafsi kumekuwa kugumu zaidi tangu kesi ya Egbert ya mwaka 2022. Mtu mwenye hali tete ya uhamiaji asitegemee kwamba kosa la askari litamwokoa.

Ndiyo maana nilimwambia kijana wa Mombasa aone wakili wa uhamiaji wiki ile ile na amweleze lile "ndiyo" kama lilivyotoka, kabla hajajaza fomu yoyote ya uraia. Nikamwambia pia anunue daftari dogo. Shaka la askari hupimwa kwa yale aliyoyajua kabla hajawasha taa. Kilichopatikana baadaye hakihesabiwi. Dereva ndiye shahidi mwingine wa dakika zile. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza: tarehe, saa tatu na dakika kumi usiku, I-10 kwenda mashariki, namba ya maili, njia ya kulia, mwendo wa 60, alinifuata maili mbili kabla ya taa, swali la kwanza lilikuwa natoka wapi, nikaonyesha kadi, akaomba kufungua trela, nikasema sitoi ridhaa, saa tatu na dakika kumi na tisa akaniambia nenda.